Kujifunza Kiingereza kwa Miradi ya Urithi wa Mtaani: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Bagamoyo

Mwanafunzi wa Bagamoyo anayeshindwa kusema sentensi tatu za Kiingereza mbele ya darasa huwa anajua mambo mengi ambayo mzungumzaji hodari wa lugha hiyo hayajui. Anajua tofauti ya ngalawa na mashua, amemwona bibi yake akichemsha ukindu ili ushike rangi, na anajua njia ya kukatiza mikoko maji yakiwa yamekupwa. Lakini somo la Kiingereza mara nyingi humtaka aeleze mambo ambayo hajawahi kuyaona, na hivyo humtwika mizigo miwili kwa wakati mmoja: kutafuta la kusema, na kutafuta namna ya kulisema. Mradi wa urithi humtua mzigo wa kwanza. La kusema analo tayari, au analipata kwa mikono na macho yake mwenyewe, na nguvu zake zote zinabaki kwa ajili ya lugha.

Tanzania tuna sababu ya pekee ya kulitilia maanani jambo hili. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Anayevuka daraja hilo akiwa na msamiati wa kukariri tu huumia, kwa kuwa sekondari humtaka aeleze namna kitu kinavyofanya kazi, alinganishe, apime na atoe sababu. Hizo ndizo kazi ambazo mradi mzuri wa urithi huzidai.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kiingereza, mlezi wa klabu ya shule, au kikundi cha watu wazima wanaojifunza pamoja jioni. Nimeuegemeza Bagamoyo, kwa sababu huko ndiko ninakokujua vizuri na ndiko nilikofanyia makosa mengi ninayoyaeleza hapa, lakini hatua zake zinafaa popote penye mzee mwenye kumbukumbu na kitu cha kushikika.

Maandalizi

Panga wiki nane, kwa vipindi viwili vya saa moja na nusu kila wiki. Kundi la watu kumi na wawili hadi kumi na sita linatosha, likigawanywa katika vikundi vya watu wanne wanne. Kila mmoja awe na daftari moja la mradi, na kila kikundi kiwe na utepe wa kupimia, penseli, karatasi za kuchorea na, ikiwezekana, simu moja ya kurekodia sauti. Kama simu hakuna, mradi usisimame: mwenye mwandiko wa haraka ataandika, na mwingine atakumbuka kwa sikio, nalo ni zoezi zuri kwa lugha zote mbili.

Kabla ya kuanza, amueni nani atapokea kazi ikikamilika. Hili naliweka mapema makusudi. Kiingereza kisicho na msomaji wala msikilizaji hugeuka kazi ya kumridhisha mwalimu, na mwanafunzi anajua kwamba mwalimu tayari anazijua habari hizo. Tafuteni mtu asiyezijua kweli: wanafunzi wa shule nyingine iliyo mbali na pwani, wageni watakaoalikwa siku ya maonyesho, au ndugu wa mwanafunzi aliyezaliwa ughaibuni na ambaye Kiswahili kimempiga chenga. Msomaji wa namna hiyo huuliza maswali ya kweli, na maswali ya kweli hudai majibu yanayoeleweka.

Hatua ya kwanza: chagueni kitu kidogo

Kosa la kawaida ni kuchagua mada kubwa kama historia ya Bagamoyo. Mada ya aina hiyo huwapeleka wanafunzi moja kwa moja kunakili vitabu, na wanachokiandika hakina jasho lao. Mwaka wa kwanza niliongoza mradi kwa mtindo huo, na nilipokusanya kazi nilikuta vikundi vyote vimenakili aya ileile kuhusu Wajerumani kuufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Aya ilikuwa sahihi kabisa, lakini hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyeweza kuisoma na kueleza maana yake.

Chagueni kitu ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu au kukishika kwa mikono: mlango mmoja wa nakshi katika mtaa wa Mji Mkongwe, kaburi moja lenye mnara pale kwenye magofu ya Kaole, ngalawa moja ufukweni, mkeka mmoja, kisima kimoja. Kila kikundi kiwe na chake. Kitu kidogo kina faida ya lugha pia, kwa sababu kina sehemu zenye majina, kina vipimo, kimetengenezwa kwa hatua zinazofuatana, na kina watu wanaokitumia. Kutoka kwenye mlango mmoja mtapata sifa, nambari, mpangilio wa vitendo na hadithi, yaani karibu kila aina ya sentensi ambayo mtu anayeanza Kiingereza anaihitaji.

Jina la mji lenyewe nalo ni mada tosha. Wako wanaosema Bagamoyo linatokana na “bwaga moyo” kwa maana ya mpagazi aliyefika pwani baada ya miezi ya safari na kuutua moyo wake pamoja na mzigo. Na wako wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari itakayomchukua. Kikundi kimoja kinaweza kutumia wiki zote nane kwa maneno hayo mawili, kwa kuwa Kiingereza kinakulazimisha uchague. Ukiandika “rest your heart” umemsikiliza mpagazi; ukiandika “leave your heart behind” umemsikiliza mtumwa. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini tafsiri hizo haziwezi kukaa kwenye sentensi moja bila maelezo ameanza kujifunza lugha kwa undani.

Hatua ya pili: idhini na adabu

Mwalimu aende kwanza peke yake. Amwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenye nyumba au fundi anayehusika, na kama kitu kiko ndani ya eneo la kihistoria linalolindwa, awaone wasimamizi wake na aulize kuhusu ada na masharti ya kupiga picha. Wazazi wapewe barua fupi inayosema watoto watakwenda wapi na lini.

Wanafunzi nao waandaliwe. Makaburi ya Kaole ni magofu ya kale, lakini kwa watu wengi bado ni mahali pa heshima na wapo wanaokwenda kuomba dua. Hakuna kukalia wala kupanda kuta za matumbawe, hakuna kuokota kigae hata kama ni kidogo kama kucha, na mavazi yawe ya staha. Masharti haya yaandikwe na wanafunzi wenyewe kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi za amri kama “Do not climb on the walls”, yabandikwe darasani siku ya kuondoka. Hapo watakuwa wameandika maandishi yao ya kwanza yenye kazi.

Hatua ya tatu: kutazama, kupima na kutenda

Ziara ya kwanza iwe ya kimya kwa dakika kumi na tano. Kila mmoja achore kile anachokiona, hata kama hajui kuchora, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuona mambo ambayo picha ya simu huyapita. Kisha waandike sehemu zote kwa majina ya Kiswahili wanayoyajua, na pale wanapokwama waache mstari wazi. Mistari hiyo mitupu itunzwe vizuri, kwa kuwa ndiyo itakayozaa maswali ya mahojiano.

Kupima ndiko kunakowafurahisha kuliko yote. Wapime mara mbili: kwanza kwa vipimo vya wazee, kisha kwa utepe. Shubiri, dhiraa, pima na wari vina ndugu zao katika Kiingereza cha zamani, navyo ni “span”, “cubit”, “fathom” na “yard”. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakiogopa kufungua mdomo wakibishana kwa Kiingereza kama upana wa mlango ni “six spans” au “seven”, kwa sababu mkono wa mmoja ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake. Ubishi huo ulizaa ulinganishi wenyewe bila kufundishwa: wa kwangu mrefu kuliko wako, huu mpana kuliko ule.

Zaidi ya kutazama, watende. Kikundi cha mkeka kisikubali kuandika neno lolote kuhusu ususi kabla kila mwanakikundi hajasuka walau dhiraa moja ya ukili kwa mikono yake, na ule mkanda ukija kupindapinda ubaki vilevile daftarini kama ushahidi. Kikundi cha ngalawa kiombe kumsaidia fundi kazi ndogo, hata kama ni kumshikia ubao tu. Mtu aliyewahi kukosea msuko mara nne hatasahau neno “plait”, na anapoandika kwamba kazi hii inahitaji uvumilivu, anakuwa anaandika habari anayoijua. Wakati wa kutenda, mwalimu asilazimishe Kiingereza. Aseme maneno machache ya hatua inayoendelea, ayarudie kila kitendo kinaporudiwa, na awaache wanafunzi wayaokote.

Hatua ya nne: mahojiano, kwa Kiswahili

Naomba walimu wenzangu walizingatie hili. Mahojiano na wazee yafanyike kwa Kiswahili, au kwa Kikwere, Kizaramo au lugha nyingine ambayo mzee anaifurahia. Wapo wanaodhani mradi wa Kiingereza unataka kila kitu kiwe Kiingereza tangu mwanzo. Ukimhoji bibi wa miaka themanini kwa lugha asiyoijua utapata majibu ya adabu tu, na yale mazito yatabaki moyoni mwake. Zaidi ya hapo, habari ikirekodiwa kwanza kwa lugha yake yenyewe, jamii inabaki na nakala yake, na Kiingereza kinakuja kama mlango wa pili wa nyumba ileile.

Kila kikundi kiandae maswali yasiyozidi manane. Maswali bora ni yale yanayomwomba mzee aonyeshe au akumbuke tukio: “Bibi, tuonyeshe unavyoanza”, “Babu, ulipoiona kazi hii kwa mara ya kwanza ulikuwa na umri gani?” Swali la ndiyo au siyo hulipwa kwa ndiyo au siyo. Wanafunzi waanze kwa shikamoo, wajitambulishe kwa majina ya wazazi wao kama ilivyo desturi, waeleze kazi ni ya nini na itasomwa na nani, kisha waombe ruhusa ya kurekodi. Wamuulize pia kama angependa jina lake litajwe au lisitajwe. Jibu lake liandikwe daftarini na liheshimiwe hadi mwisho.

Bagamoyo ina maumivu yake. Ziko koo ambazo hazipendi kuulizwa kama babu zao walikuwa watumwa au walikuwa wenye watumwa, na mtoto wa miaka kumi na tatu hana haki ya kulifukua jambo hilo sebuleni kwa mtu. Mzee akilianzisha mwenyewe, msikilizeni, asipolianzisha, liacheni.

Baada ya mahojiano, kila kikundi kisikilize rekodi na kuandika neno kwa neno sehemu tatu tu zilizowagusa, kila moja ya dakika moja au mbili. Kuandika saa nzima kutawachosha, na wakichoka watakichukia kilichobaki.

Hatua ya tano: daftari la maneno

Hapa ndipo Kiingereza kinapoanza kubeba uzito. Kila ukurasa wa daftari ugawanywe kwa safu nne: neno lilivyosemwa na mzee, maana yake kwa Kiswahili cha kawaida, neno la Kiingereza, na sentensi moja ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe kuhusu kitu cha kikundi chake.

Mtagundua kwamba maneno yanajitenga katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lina maneno yenye mwenzake kamili: mlingoti ni “mast”, tanga ni “sail”, usukani wa chombo ni “rudder”, mkuku ni “keel”, bawaba ni “hinge”. Haya ni ya kujifunza na kusonga mbele. Fungu la pili lina maneno ambayo mwenzake yupo lakini atampotosha msomaji. Foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa Kiingereza cha mabaharia ni “yard”, neno ambalo msomaji wa kawaida atadhani ni uwanja wa nyumba au ni kipimo cha wari. Kwa hiyo ni lazima mwanafunzi aongeze maelezo, na hapo ndipo anapojifunza kueleza. Kalafati nayo iko hapa, kwa sababu kitendo cha kushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao kinaitwa “caulking”, lakini wengi wanaozungumza Kiingereza hawajawahi kulisikia neno hilo.

Fungu la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, nalo ni la maneno yasiyohitaji kutafsiriwa. Ngalawa, ukili, kanga na shikamoo yabaki yalivyo, na mara ya kwanza yanapotajwa yafuatwe na maelezo mafupi kati ya mkato na mkato: “The ngalawa, a narrow canoe with an outrigger on each side, is used for fishing near the reef.” Muundo huo mmoja, mwanafunzi akiumudu, utamfaa katika kila somo la sekondari. Wanafunzi wanaoona aibu kuacha neno la Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza wakumbushwe kwamba “safari” ni neno la Kiingereza leo kwa sababu wageni walilikuta kwetu na hawakupata lingine la kulitosha.

Programu za kutafsiri za simuni zitumike mwisho, kwa kulinganisha, kamwe zisitumike mwanzo. Waambie wanafunzi waiulize programu maana ya mfaa, yaani ule mti wa katikati ya mlango wa pwani unaopokea mbao mbili zinapofungwa, kisha walinganishe jibu lake na mchoro wao na maneno ya fundi. Watajionea wenyewe pale penye haja ya jicho lao.

Hatua ya sita: kuandika, na mitego ya Kiswahili chetu

Uandishi upitie rasimu tatu. Rasimu ya kwanza iwe ya sentensi fupi fupi, na mwalimu asiishike kalamu nyekundu. Ya pili iunganishe sentensi na kurekebisha mpangilio wa mawazo. Ya tatu ndiyo ya sarufi, na katika hiyo mwalimu achague kosa la aina moja au mbili kwa kila kikundi. Anayerudishiwa karatasi iliyotapakaa wekundu hasomi masahihisho. Anahesabu tu aibu.

Makosa mengi yanatoka moja kwa moja katika Kiswahili, na kwa hiyo yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Chukua kiambishi -me-. Sisi tunasema “msikiti huu umejengwa karne ya 13”, na tuko sawa kabisa. Mwanafunzi akitafsiri ataandika “has been built in the 13th century”, naye amekosea, kwa sababu Kiingereza kikishataja wakati uliokwisha hudai wakati uliopita: “The older mosque at Kaole was built in the 13th century.” Kanuni ya kuwapa ni nyepesi: ukitaja mwaka au karne, liache “has”.

Kiambishi hu- kwa upande mwingine ni rafiki yetu. Anayeweza kusema “ukindu huchemshwa, huanikwa, kisha husukwa” tayari anaifahamu maana ya wakati uliopo wa kawaida katika Kiingereza, na anachohitaji ni umbo tu: “The palm leaves are boiled, dried and then plaited.” Kauli ya kutendwa, ambayo vitabu huileta kama mlima, hupandwa kwa urahisi kupitia mkeka, kwa kuwa Kiswahili nacho kina -w- yake na mwanafunzi ameitumia tangu utotoni.

Mpangilio wa sifa nao hugeuka. Sisi tunataja kitu kwanza, kisha sifa zake: mlango mkubwa wa kale wa mbao. Kiingereza kinataka sifa zitangulie, na kwa utaratibu wake wa ukubwa, umri, kisha malighafi: “a large old wooden door”. Zoezi zuri ni kuandika kila neno kwenye kipande cha karatasi na kuwafanya wanafunzi wasimame mstarini wakibadilishana nafasi. Kuhusu “he” na “she”, ambazo Kiswahili hakizitofautishi, hakuna njia ya mkato; mwanafunzi anayeandika habari za bibi yake apigie mstari kila mahali alipomtaja na kuhakiki kimoja kimoja.

Kauli ya kutendwa ina hatari moja ambayo inagusa urithi wenyewe, na nimetumia vipindi vizima kuijadili. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti aliyefariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo katika Zambia ya leo, ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874. Ukiandika “Livingstone's body was carried to the coast”, sarufi ni safi, lakini watu waliotembea zaidi ya kilomita 1,500 na mzigo huo wametoweka. Ukiandika “Chuma, Susi and their companions carried the body to the coast”, wamerudi. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, ambaye aliandika shajara ya safari hiyo kwa Kiingereza na baadaye akausindikiza mwili hadi Uingereza. Wanafunzi wakiambiwa habari zake huishika kalamu kwa namna nyingine, maana wanaona kwamba Kiingereza kiliwahi kuandikwa katika ardhi yetu na mtu wa huku, kuhusu mambo aliyoyashuhudia. Kila kikundi kiyapitie maandishi yake na kuuliza: katika sentensi hii, nani alitenda, na je, tumemtaja?

Neno “slave” nalo lijadiliwe. Waandishi wengi sasa wanapendelea “enslaved people”, ili lisionekane kwamba utumwa ni asili ya mtu badala ya kuwa jambo alilotendewa. Kiswahili chetu kina neno mtumwa tu kwa matumizi ya kawaida, na kwa hiyo tofauti hiyo ni mpya kwao na ni vyema waielewe kabla ya kuchagua.

Hatua ya saba: kusema

Usiwakaririshe maandishi. Kila mmoja achukue kadi yenye maneno matano tu na mchoro wake, kisha aeleze kitu cha kikundi chake kwa dakika mbili, kwanza kwa mwenzake, baadaye kwa kikundi, mwisho kwa kundi zima. Kila anaporudia, sentensi zitabadilika kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo ishara kwamba anazungumza na hakariri.

Katika matamshi tuna hazina ambayo walimu wengi hawaitumii. Anayetamka dhahabu na thamani vizuri ana sauti zote mbili za “th” zinazowasumbua watu wa mataifa mengine: ya kwanza imo ndani ya “this”, ya pili ndani ya “think”. Anzeni na maneno ya Kiswahili, mhamie ya Kiingereza bila kusimama. Ugumu wetu uko kwingine, kwenye konsonanti zinazofuatana bila irabu na zile zinazofunga neno, ambapo ulimi hutaka kuongeza irabu na “mast” ikawa “masti”. Warekodi na wajisikilize.

Hatua ya nane: kuonyesha na kurudisha

Siku ya maonyesho iwe ya matembezi, kila kikundi kikisimama penye kitu chake au, ikiwa haiwezekani, penye michoro na vifaa vyake. Kila maelezo yaandikwe kwa lugha mbili, Kiswahili juu na Kiingereza chini, yasizidi maneno themanini kwa kila lugha. Wageni waombwe kuuliza walau swali moja kila kituo, na wanafunzi wafundishwe mapema sentensi za kujiokoa: “Could you say that again, please?” na “I will ask my teacher and tell you.” Haya si mafunzo ya kuongoza watalii, kazi ambayo ina leseni zake, na wanafunzi wasipelekwe kufuata wageni barabarani.

Kupima maendeleo kusihitaji mtihani mrefu. Linganisha maelezo ya dakika mbili ya siku ya mwisho na rekodi uliyoichukua wiki ya kwanza, ukiangalia mambo matatu: je, msikilizaji anaelewa bila kusaidiwa, je, mwanafunzi anajibu swali ambalo hakuliandaa, na je, maneno ya daftari lake yametoka mdomoni. Sarufi ipewe alama, lakini isiwe nusu ya alama zote.

Wiki moja baada ya maonyesho, kila kikundi kirudi kwa mzee wake na kumsomea maandishi ya Kiswahili yote, taratibu, kisha kumwonyesha ya Kiingereza na kumweleza yanasema nini. Mzee atasahihisha. Mwaka mmoja fundi alituambia kwamba tulichokiita pamba kavu katika maelezo ya kalafati hakifai kuitwa hivyo, kwa kuwa pamba isiyotiwa mafuta haizuii maji, na tukalazimika kubadilisha lugha zote mbili. Masahihisho yakishaingizwa, nakala moja iliyochapwa abaki nayo mzee, nyingine ikae maktaba ya shule, na ya tatu ofisi ya mtaa, pamoja na tarehe na majina ya wote walioridhia kutajwa.